Saba Gani? Namna ya Kusoma Pakiti, Karatasi ya Maabara na Habari za Afya

Mtu akikwambia sukari yake ni saba, usimpe pole wala hongera. Muulize kwanza: saba gani? Ya kabla ya kula au baada? Imepimwa na mashine inayohesabu vipi? Akishajibu ndipo utajua la kumwambia.

Nimefanya kazi ya maabara tangu ujana wangu. Sasa niko kwenye kliniki ndogo hapa Mombasa, na nyumbani Kibokoni baraza yangu imekuwa tawi la pili la kazini. Baada ya swala ya Alasiri mmoja huja na karatasi ya majibu, mwingine na pakiti ya biskuti, wa tatu na simu mkononi: "Ami, hebu nitizamie hapa, eti tui la nazi ni sumu." Maneno yanayowasumbua ni yale yale, na karibu kila mara tatizo si neno lenyewe bali nambari iliyofika peke yake. Haikuja na kipimo chake, wala kiasi, wala saa iliyopimwa. Basi nitaeleza hapa kama ninavyoeleza barazani, nianzie dukani.

Pakiti

Kalori si kitu kilichomo ndani ya chakula kama chumvi ilivyo. Ni kipimo cha nishati tu, kama vile kilo ilivyo kipimo cha uzito. Pakiti nyingi huandika nishati mara mbili: kwa kJ, yaani kilojuli, na kwa kcal, ambayo ndiyo kalori tunayoitaja kila siku. Kalori moja ni sawa na kilojuli 4.2 hivi. Kuna kijana wa mtaani kwetu aliyeziacha biskuti alizokuwa akizipenda kwa kuwa alisoma 2,000 akadhani amekula chakula cha siku nzima. Nilipoigeuza pakiti, 2,000 ile ilikuwa ya kilojuli, na ilikuwa ya gramu 100, ilhali pakiti yake haikufika hata gramu 50.

Nishati hiyo yatoka wapi? Gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, gramu ya protini 4, gramu ya mafuta 9. Ukizishika nambari hizo tatu utaelewa kwa nini muhogo wa kuchemsha na muhogo wa kukaanga, hata ukichimbwa shimo moja, hauna hesabu moja. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ni kama kalori 120, na viazi karai havikaangwi kwa kijiko kimoja.

Sasa mtego. Jedwali la pakiti mara nyingi lina safu mbili: "kwa gramu 100" (au mililita 100) na "kwa kipimo kimoja cha mlo". Safu ya kwanza ni ya kulinganisha bidhaa mbili dukani. Safu ya pili ni ya kujua umekula nini, lakini kipimo hicho amekichagua mwenye kiwanda, si wewe. Chukua soda ya nusu lita iliyoandikwa sukari gramu 10.6 kwa mililita 100. Ukisoma juu juu utaona kumi na kitu, utasema si mbaya. Chupa nzima ni mara tano: gramu 53. Kijiko kidogo cha sukari ni gramu 4 hivi, kwa hiyo umekunywa vijiko kumi na vitatu. Shirika la Afya Duniani lashauri sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5. Kwa mtu anayekula kalori 2,000, asilimia 10 ni gramu 50, na chupa ile peke yake imeshapita.

Sukari huru ni ile iliyotiwa na mpishi, kiwanda au mkono wako, na pia ile ya asali na ya juisi ya matunda. Hapo ndipo watu hunikunjia uso. Juisi ya miwa iliyokamuliwa mbele ya macho yako, isiyotiwa chochote ila ndimu na tangawizi, yahesabiwa vilevile. Embe zima halihesabiwi. Embe lililosagwa na kuchujwa lahesabiwa. Ukisoma "haikuongezwa sukari" kwenye boksi la juisi, jua wanasema kweli, na jua pia kwamba tunda lilikuja na yake.

Chumvi ina ujanja mwingine: pakiti huenda isiitaje. Huandika sodiamu, kwa miligramu. Zidisha kwa 2.5 upate chumvi. Sodiamu miligramu 800 ni gramu 2 za chumvi, na kiwango kinachoshauriwa kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yaani kama kijiko kidogo cha chai, pamoja na ile ya mchuzini, ya mkate, ya kachri na ya achari.

"Bila kolesteroli" kwenye chupa ya mafuta ya kupikia ni maneno ya kweli yasiyo na habari ndani yake. Kolesteroli hutoka kwa wanyama: nyama, mayai, maziwa, kamba. Mafuta ya mmea hayakuwa nayo tangu yalipokuwa mbegu. La kutizama kwenye chupa ni mafuta mgando, yaani "saturated fat", maana hayo ndiyo huchangia kupandisha kolesteroli ya damu. Na hapa sisi wa pwani tusijidanganye kwa mapenzi. Nazi haina kolesteroli, lakini zaidi ya asilimia 80 ya mafuta yake ni mgando. Joto letu ndilo linalotufanya tusiyaone yakiganda, kwani mafuta ya nazi huyeyuka yakifika nyuzi 24 hivi. Yapeleke Nairobi asubuhi ya Julai uone. Simwambii mtu aache mbaazi za nazi. Mimi mwenyewe siziachi. Namwambia asidhani kwamba tui zito kila siku, na mahamri ya kukaanga pembeni, limeruhusiwa na neno la kwenye chupa.

Protini nitaipitia haraka, kwa ajili ya vijana wa kunyanyua vyuma. Mtu mzima wa kawaida anahitaji kama gramu 0.8 kwa kila kilo ya uzito wake. Mwenye kilo 70 ni gramu 56. Anayefanya mazoezi mazito huhitaji zaidi, lakini si mara nne. Na gramu 100 za nyama si gramu 100 za protini. Nyama mbichi isiyo na mafuta huwa na kama gramu 20, nyingi ya iliyobaki ni maji. Yai moja ni gramu 6 hivi.

Ukiona unga "ulioongezwa virutubisho", si mbwembwe za biashara. Tangu 2012 sheria ya Kenya yataka unga wa mahindi na wa ngano wa viwandani uongezwe madini na vitamini, na mafuta ya kupikia yaongezwe vitamini A. Unga uliosagisha mwenyewe kinuni hauna nyongeza hiyo.

Karatasi ya maabara

Hapa ndipo kwangu, mnivumilie.

Anza kwa kutizama safu ya kulia kabisa, iliyoandikwa kiwango cha kawaida. Watu hudhani mpaka huo umechorwa kati ya wazima na wagonjwa. Mara nyingi sivyo. Kwa vipimo vingi, maabara huchukua watu wazima wa afya, ikawapima, ikachora mipaka inayowakusanya 95 katika kila 100. Maana yake wazima watano katika mia huanguka nje ya mipaka bila kuugua chochote. Ukipimwa vitu ishirini kwa mpigo, kimoja kutoka na alama ya nyota si ajabu. Nyota ni swali la kumpelekea daktari, na daktari huangalia imetoka nje kwa kiasi gani, na majirani zake kwenye karatasi wasemaje.

Turudi kwa sukari. Kenya twapima kwa milimoli kwa lita. Marekani hutumia miligramu kwa desilita, na mashine zinazotumwa na jamaa walioko huko huja na hesabu ya huko. Mama mmoja jirani yangu aliletewa moja na mwanawe. Asubuhi ya kwanza ikasoma 108, na nikasikia kilio kabla sijavaa viatu. Kugawanya kwa 18 ndiyo njia: 108 kwa 18 ni sita kamili, na kwa mtu aliyeamka bila kula, sita haina kilio. "Sasa mbona hawaandiki sita, Ami?" Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Saa nayo. Sukari ya kufunga ni ile ya mtu ambaye hajala wala kunywa chochote ila maji kwa saa nane au zaidi. Kwenye kipimo hicho, 7.0 kwenda juu ndipo daktari huanza kusema kisukari, naye kwa kawaida hurudia kabla ya kukata shauri, hasa kwa mtu asiye na dalili. Kati ya 6.1 na 6.9 ni eneo la tahadhari. Lakini 7.0 ya mtu aliyemaliza sahani ya pilau saa mbili zilizopita ni jambo la kawaida kabisa. Kwa aliyenyweshwa glukosi ya kipimo, mpaka baada ya saa mbili ni 11.1. Kwa hivyo kikombe cha chai ya maziwa ulichokunywa njiani na hukukisema kimeharibu kipimo, na mimi wa maabara siwezi kukiona kwenye damu. Niambie tu. Sitakugombeza; nitakwambia uje kesho.

HbA1c ni jambo jingine, na huandikwa kwa asilimia. Sukari ya damu hujishikiza kwenye hemoglobini, ile rangi nyekundu ya chembe za damu, na chembe hizo huishi siku 120 hivi. Kipimo hiki basi chaonyesha wastani wa miezi miwili hadi mitatu iliyopita. Huwezi kukidanganya kwa kujinyima siku mbili kabla ya kliniki, na najua wengi hujaribu. Kuanzia 6.5 ni kisukari. Ila kuna jambo la kwetu pwani lisilosahauliwa: mwenye selimundu, chembe zake nyekundu hufa mapema, hazipati muda wa kukusanya sukari, na kipimo chaweza kutoka chini ya ukweli. Mwenye upungufu wa damu pia chaweza kumpotosha. Kama kwenu kuna selimundu, mwambie daktari kabla hajaiamini asilimia hiyo.

LDL na HDL watu huziita kolesteroli mbaya na nzuri, jambo linalofanya wadhani ni kolesteroli mbili. Mzigo ni mmoja. LDL na HDL ni mikokoteni. LDL hutoa mzigo ini na kuusambaza mwilini, na ikizidi humwaga njiani, kwenye kuta za mishipa. HDL hukusanya uliomwagika na kuurudisha. Ndiyo sababu jumla ya kolesteroli peke yake haitoshi; uliza ni ya mkokoteni upi.

Presha ina nambari mbili kwa sababu moyo una hali mbili. Ya juu ni nguvu ya damu moyo unapojikaza, ya chini ni unapojilegeza. Zote hupimwa kwa milimita za zebaki, na 140 kwa 90 kwenda juu, ikirudiwa siku tofauti, ndiyo presha ya kutibiwa. Lakini yapimwe vipi? Ukae dakika tano kwanza, mgongo umeegemea, miguu chini bila kukunja nne, mkono ulingane na moyo, na usizungumze. Kahawa isipungue nusu saa nyuma. Mtu aliyetoka kwenye msongamano wa feri ya Likoni, amepanda ngazi za kliniki, akapimwa amesimama huku akibishana na simu, nambari yake ni ya msongamano.

Mwili na mazoezi

BMI, yaani kipimo cha uzito wako ukilinganishwa na urefu wako, hupatikana kwa kugawanya kilo zako kwa urefu wako wa mita, kisha ukagawanya tena kwa urefu huo huo. Mwenye kilo 82 na urefu wa mita 1.65 hupata 30.1. Kati ya 18.5 na 24.9 ndio uzito unaofaa, 25 ni uzito uliozidi, 30 ni unene wa kupindukia. Aliyeibuni hesabu hii ni Adolphe Quetelet, Mbelgiji wa karne ya 19, mtu wa hisabati na nyota, na alikuwa akichunguza watu kwa makundi. Kwa makundi yafaa. Kwa mtu mmoja ina upofu: mpakuzi wa bandarini mwenye mabega ya chuma na mwenye duka asiyeinuka kitini wanaweza kupata nambari moja. Kwa hiyo chukua utepe wa fundi cherehani, pima kiuno usawa wa katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga. Hatari huanza kupanda sentimita 94 kwa mwanamume na 80 kwa mwanamke. Buibui na kanzu huficha mengi, utepe haufichi.

Hatua elfu kumi kwa siku hazikutoka maabara. Baada ya Olimpiki za Tokyo za 1964, kampuni ya Japani iliuza kifaa cha kuhesabu hatua, mwaka 1965, na hiyo elfu kumi ilikuwa ndani ya jina lake. Nambari nzuri ya kuuzia. Kutembea kwafaa kweli, na faida huanza kabla hujafika huko, kwa hiyo asiyefika elfu kumi asirudi kitandani kwa kukata tamaa. Pendekezo lenye msingi ni dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki, na siku mbili za kutia misuli nguvu.

"Wastani" ni nini? Wenye saa za mkononi watakwambia utoe miaka yako kwenye 220 upate kilele cha mapigo ya moyo. Ni makadirio ya jumla, huweza kukosea kwa mapigo kumi au zaidi juu au chini. Kipimo changu ni cha bure: unapotembea kutoka Lighthouse ukifuata barabara ya Mama Ngina, kama waweza kuzungumza na mwenzako lakini huwezi kuimba kasida, hiyo ni wastani. Ukiweza kuimba, ongeza mwendo. Ukishindwa hata kujibu salamu, hayo ni mazito.

Fahirisi ya glaisemia niiguse hapa kwa sababu ya tende na Ramadhani. Ilianzishwa na David Jenkins na wenzake Toronto, 1981. Yapima kasi ya chakula kupandisha sukari ya damu, glukosi ikiwekwa 100. 55 kushuka chini ni polepole, 70 kwenda juu ni haraka. Lakini hupimwa kwa sehemu yenye gramu 50 za wanga, haidhuru sehemu hiyo ni kubwa kiasi gani. Tikiti maji huonekana baya kwenye orodha, na ili upate gramu 50 za wanga lazima ule zaidi ya nusu kilo ya nyama yake. Tende kinyume chake: kasi yake si kubwa, na mtu husoma hivyo akala kumi na tano. Kasi ndogo mara tende kumi na tano ni sukari nyingi.

Habari za utafiti

Mwaka 2015 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka nyama iliyosindikwa, soseji na smoki zikiwemo, katika kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Tumbaku imo kundi hilo hilo. Simu zikajaa: smoki ni sawa na sigara! Kundi hupanga uhakika wa ushahidi, si ukubwa wa hatari. Ina maana wana hakika kwamba chasababisha, kama walivyo na hakika ya tumbaku. Haina maana vyaua sawasawa.

Walisema pia gramu 50 kila siku huongeza hatari ya saratani ya utumbo mpana kwa asilimia 18. Asilimia 18 ya nini? Tuseme katika watu 100, watano wangeipata maishani hata hivyo. Asilimia 18 ya watano ni chini kidogo ya mmoja. Watano wamekuwa sita. Si kitu cha kupuuza, hasa kwa anayekula kila jioni, lakini si watu 18 katika mia, kama nilivyosikia kwenye matatu.

Neno la mwisho ni "kundi la kulinganishia", yaani wale ambao hawakupewa kitu kinachojaribiwa, na mfano wake Mombasa yaujua. Aprili 1498 Vasco da Gama alitia nanga hapa, mabaharia wake wakiwa na kiseyeye, fizi zimevimba. Mfalme wa Mombasa aliwapelekea kondoo, machungwa, malimau na miwa. Wagonjwa wakapona, na mmoja wao akaandika kwenye shajara ya safari kwamba ni kwa sababu hewa ya hapa ni nzuri. Waliona kweli, wakatoa sababu isiyo yake. Wote walivuta hewa na wote waliweza kula matunda, ungetenganishaje? Ilibidi kungojea 1747, James Lind, daktari wa meli ya Kiingereza, alipochukua wagonjwa kumi na wawili, akawagawa wawili wawili, kila jozi na dawa yake: siki, maji ya bahari, na kadhalika. Hewa yao moja, chakula chao kimoja. Waliopewa machungwa na malimau ndio walioinuka haraka. Jeshi la majini la Uingereza halikuagiza maji ya malimau kwa meli zake hadi 1795.

Basi ukiambiwa dawa imethibitishwa, uliza wasioitumia walikuwaje. Na kama wameza vidonge vya kisukari, mwambie daktari kabla ya kuongeza unga wowote wa mitishamba, kwani sukari yaweza kushuka kupita kiasi. Kuna muuza unga wa mlonge upande wa Mwembe Tayari aliyeniambia wateja wake wengi wamepona presha. Nikamuuliza wangapi walinunua wasipone. Alicheka, akanipunguzia shilingi hamsini.